Arki ya Keki Haivutwi

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba aliniachia kiko, na shemeji yangu wa Namtumbo hunitumia tumbaku ya moshi. Ni kali, na hainukii kama zile za makopo ya nje. Nimeitia robo kilo kifuniko kimoja cha arki ya vanila na vijiko vinne vya asali, kisha matone ya mafuta ya karafuu. Sasa inazimika kila mara, kiko kinakoroma maji, ulimi unawaka, na kwenye chupa kumeota ukungu mweupe. Aliyeniuzia mafuta anasema niongeze gliserini. Vipimo sahihi ni vipi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Marahaba. Vipimo nitakupa, ila si vya arki hiyo wala si vya mafuta hayo. Nimechanganya tumbaku miaka mingi, na kila mwezi hakosi mtu wa kuniletea chupa yake: huyu arki ya nanasi, yule mafuta ya mchaichai ya kujichua. Hoja yao moja: "Lakini mzee, hii si inaliwa?"

Nitalijibu hilo. Kwanza mwaga hiyo yenye ukungu. Usiianike juani ukidhani umeiokoa, maana jua litakausha jani na ukungu utabaki humo humo, nawe utauvuta.

Kosa lako jingine ni jani. Tumbaku ya moshi imekaa banini, yaani kibanda cha kukaushia, juu ya magogo yanayofuka, ikanywa moshi mpaka ikawa nyeusi na nzito, na sukari yake ni kidogo mno. Ukiipaka vanila unapata moshi wa kuni wenye vanila. Sisi hulitumia jani hilo kama pilipili, sehemu moja kwa tisa za jani jingine. La kubeba ladha ni jani la hewa, Burley, lililokaushwa kivulini. Limejaa vitundu na hunywa maji kama sifongo. Jani la mvuke la Tabora au Urambo, lile linalokaushwa kwa hewa moto bila moshi, lina sukari yake tayari, halihitaji asali ya mtu.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Ya kwanza kiwandani tunaiita kesingi, na lengo lake ni kupunguza ukali wa jani, harufu baadaye. Kwa gramu 100 za Burley mimi hutumia kijiko kimoja cha chai cha sukari na nusu kijiko cha kakao, vikoroge katika vijiko viwili vya chakula vya maji moto. Nyunyiza huku ukigeuza, funika usiku kucha, kisha tandaza likauke. Vaa glavu, maana nikotini ya jani bichi au lililolowa hupita kwenye ngozi, na wavunaji wetu wanaijua kichefuchefu chake. Limekauka vya kutosha ukilifinya kiganjani, ukaachia, na likafumuka lenyewe taratibu. Likibaki donge, bado. Likivunjika, umepitiliza. Wengi huliacha donge, na hapo ndipo ulimi unapoungua: maji yanageuka mvuke, nawe unavuta kwa nguvu ili lisizimike. Kwa hiyo huo moto ulimini usiusingizie ukali wa tumbaku.

Hatua ya pili ndiyo harufu, na huwekwa mwisho kabisa, kidogo mno. Pasua ganda moja la vanila ya Kagera, liloweke wiki tatu katika pombe kali, kisha pulizia mara mbili tatu tu, mbali na jiko, na uache pombe ipae. Harufu itatangulia moto na kuisha katika theluthi ya kwanza ya kiko. Hata hayo makopo ya nje unayoyasifu hunukia zaidi kwa anayepita kuliko kwa anayevuta.

Kiko cha mzee wako kimeshanywa karafuu. Jaza bakuli pamba, idondoshee pombe kali, iache usiku mzima. Pamba ikitoka ya kahawia, rudia mpaka itoke safi. Kisha kipumzishe siku kadhaa kabla ya kukitumia.

Sasa hilo la "inaliwa".

Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda kimoja cha bisi waligundulika kuwa vijia vidogo vya hewa mapafuni mwao vimeziba kwa makovu yasiyopona. Kilichowaumiza ni daiasetili, kile kinachoipa bisi harufu ya siagi. Watu wasio na idadi walikuwa wakiila kila siku bila shida. Wale wanane waliivuta. Mwaka 2019 huko huko Marekani wavutaji wa sigara za kielektroniki wakaanza kulazwa, wengi wao kwa sababu ya mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kwenye kimiminika chao ili kiwe kizito, vitamini ile ile ambayo watu humeza kwenye vidonge na kupaka usoni. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa katika hao ni 68. Tumbo lina asidi, na nyuma yake ini linachuja. Pafu halina mchujo wa namna hiyo.

Na bado hapo hatujawasha moto. Sukari ikiungua hutoa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu, ndiyo maana nimesema kijiko kimoja, si vinne. Gliserini ikipata joto kali hutoa akrolini, ule moshi unaochoma macho mafuta ya kukaangia yakipitiliza. Huyo muuzaji anakutibu kiko kilicholowa kwa kitu kinachoshikilia maji!

Utaniambia Waindonesia wanavuta karafuu, tena kwa miaka mingi walinunua ya Unguja na Pemba. Kweli, ila wao hukatakata karafuu kavu na kuchanganya na tumbaku. Chupa ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, karibu yote ni yujenoli, dawa ya daktari wa meno ya kufanya ganzi. Koo likiingia ganzi, utasema moshi umekuwa laini. Umelizima tu lile linalokuambia unaungua. Tumbaku yenyewe ni sumu ya kutosha, na kutomeza moshi wa kiko hakukuepushi na saratani ya kinywa. Sioni kwa nini mtu aiongezee.

Wanaonikera kupita wote ni hawa wa "ladha ya asili" mitandaoni. Wanaziuza kwa shisha, kwa kiko, kwa sigara za kielektroniki, chupa moja kwa kazi zote, bila lebo, wengine wakidai eti inapunguza nikotini. Hakuna tone linalopunguza nikotini. Mmoja aliniletea "mafuta halisi ya embe" niyasifie. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, nikaiweka dirishani. Kesho yake karatasi ilikuwa bado inapitisha mwanga pale, kama karatasi ya kufungia chapati. Harufu ya embe ilikuwa imepaa, yamebaki mafuta ya kula, na hayo ndiyo watu walikuwa wakiyavuta mapafuni. Nikamwonyesha. Akaigeuza ile karatasi huku na huku, akafikiri, akaniuliza: "Kwa hiyo mzee, nikiyachanganya na spiriti yatakauka?"