Mpangaji anayekuogopa atakula hela zako

Ukishajulikana kwamba unapangisha nyumba, kila unayekaa naye atataka visa vya wapangaji wakorofi: aliyehama usiku na deni lake, aliyeng'oa hadi taa za ukutani. Visa hivyo ninavyo, na vinanogesha maongezi kwelikweli. Ila nikifungua daftari langu la matumizi, wakorofi hawaongozi hata kidogo. Waliokula hela zangu nyingi ni watu wapole, wanaolipa tarehe yao bila kukumbushwa, na ambao hawakuniambia kitu.

Mmoja alikuwa mama aliyeweka ndoo chini ya sinki la jikoni na kuimwaga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kiungo, na dawa yake ni kimpira kipya na fundi wa robo saa. Mimi nilipata habari baada ya sakafu ya kabati kuoza na plasta ya chumba cha pili kuanza kubanduka. Nilipomuuliza mbona hakusema, alinijibu taratibu, "Kule nilikotoka, ukisema kitu kimeharibika unaambiwa umekiharibu wewe." Kwa hiyo nililipia ukali wa mwenye nyumba mwingine, mtu ambaye hata sura yake siijui.

Anayeniomba ushauri kabla ya kupangisha nyumba yake ya kwanza, mimi humwambia hivi: kazi yako kubwa ni kuhakikisha habari mbaya inakufikia ingali changa. Bomba linavuja, mshahara umechelewa, watu wanafikiria kuhama. Vyote hivyo vina bei nafuu wiki ya kwanza na bei ya kutisha mwezi wa tatu. Na habari hizo anazo mtu mmoja tu, mpangaji wako. Akikuogopa hutazipata.

Usielewe kwamba nasema muwe marafiki. Urafiki na mpangaji una tabu yake, maana siku ya kudai kodi unajikuta unaona haya kwenye chumba chako mwenyewe. Ninachosema ni kwamba anapokupigia kuhusu kitu kilichoharibika, neno lako la kwanza liwe "Asante kwa kuniambia," na la pili liwe siku ambayo fundi atakuja. Kumtafuta mwenye kosa kutakuja baadaye, kama kuna haja. Mwambie pia akutumie picha na maneno mawili matatu kwa ujumbe wa simu, ili tarehe ibaki. Kumbukumbu hiyo itawafaa nyote wawili siku mtakapotofautiana.

Mambo ambayo mpangaji anapaswa kukuambia siku hiyohiyo yanapotokea yaeleze mapema, siku ya kukabidhi funguo: maji yanayomwagika bila kukoma, soketi inayotoa cheche au harufu ya kuungua, harufu ya gesi, choo kimoja pekee kilichoziba, mlango wa nje usiofunga. Mengine yatasubiri siku chache. Na siku hiyo usimwoneshe rangi mpya na makabati tu. Mpeleke hadi kwenye koki kuu ya maji, mwache aifunge na kuifungua kwa mkono wake, kisha mpeleke kwenye swichi kuu ya umeme. Bomba likipasuka saa nane za usiku, hata ukipokea simu haraka vipi, aliye ndani ya nyumba ndiye atakayeokoa dari.

Kuhusu maji nina mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo adui mkubwa wa nyumba na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa bili. Choo kinaweza kuvuja miezi bila mtu kusikia chochote. Maji yanateleza polepole kutoka kwenye tangi hadi kwenye bakuli. Kulijua hilo ni rahisi. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, subiri kama nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, ule mpira unaoziba chini ya tangi umechoka, na kuubadilisha ni kazi ndogo. Kwa nyumba nzima, funga koki zote za ndani usiku, ile kuu ibaki wazi, andika namba za mita, na asubuhi soma tena kabla mtu hajagusa maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Fanya hivyo pamoja na mpangaji, macho yake yakiwa palepale kwenye mita. Bili kubwa inayopatiwa maelezo haizui magomvi, ila bili kubwa isiyo na maelezo huwafanya watu watazamane vibaya. Na kama wapangaji wanachangia mita moja, wekea kila nyumba mita yake ndogo mapema iwezekanavyo. Hakuna hesabu ya kugawana kwa vichwa iliyowahi kumridhisha anayeishi peke yake.

Unyevu ukutani nao una mabishano yake ya kudumu. Mwenye nyumba anasema hawafungui madirisha, wanaanika nguo ndani, wanapika bila kutoa mvuke. Mpangaji anasema nyumba inavuja. Wote wanaweza kuwa sahihi, na kabla ya kurushiana maneno kuna jaribio dogo. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya foili, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, uache siku moja au mbili. Foili ikilowa upande wa chumbani, maji yanatoka hewani, yaani mvuke wa ndani unakutana na ukuta wa baridi na kugeuka maji. Hapo dawa ni hewa kupita, na pengine feni ya kutoa mvuke, ambayo kwa maoni yangu ni jukumu la mwenye nyumba kuiweka. Ikilowa upande wa nyuma, unyevu uko ndani ya ukuta wenyewe, na hapo tafuta gata lililoziba, ufa, bomba lililofukiwa au msingi unaofyonza maji ya ardhini. Lisilosaidia hata mara moja ni kupaka rangi juu ya ukungu ili picha za tangazo zitoke safi. Ukungu utarudi, na mpangaji atajua ulimficha.

Gesi na umeme nitavipitia haraka, lakini usivipuuze. Kama nyumba ina hita ya maji au jiko la gesi, moto wake uwe wa bluu. Ukiona umegeuka wa njano na unaacha masizi, kifaa hakiunguzi vizuri na kinaweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Wanaoumwa kichwa wakiwa ndani na kupata nafuu wakitoka nje wasiambiwe wamechoka. Watoke, kifaa kizimwe, fundi aitwe. Kwenye kisanduku cha umeme, kile kifaa cha usalama kinachokata umeme ukivuja kina kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyeze. Kisipokata, mwite fundi umeme.

Sasa kodi ikichelewa. Wenye nyumba wengi niwajuao wana tabia mbili: wengine wanafoka siku ya kwanza, wengine wanaona aibu hadi mwezi wa tatu ndipo wanalipuka. Mimi huuliza siku ya pili au ya tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Sababu yangu ni hesabu. Deni la mwezi mmoja likigawanywa kwa miezi sita, mpangaji anaongeza moja ya sita tu ya kodi kila mwezi, na mtu mwenye kazi anaweza kujibana. Deni la miezi mitatu kwa muda huohuo maana yake ni kulipa kodi na nusu kila mwezi kwa nusu mwaka. Kama kodi ilikuwa inachukua theluthi moja ya kipato chake, sasa inachukua nusu. Hawezi, hata awe mwaminifu vipi, na wewe ndiye uliyemwacha afike huko. Mkikubaliana mpango wa kulipa, uandikwe, una tarehe na kiasi, na kila mmoja abaki na nakala.

Hasira zikipanda, usibadilishe kitasa, usikate maji, usitoe vyombo vya mtu nje. Katika nchi nyingi hilo ni kosa kisheria hata kama unamdai, na ukilifanya, wewe uliyekuwa mdai unageuka mshtakiwa. Toa notisi kwa maandishi, ufuate mkataba na sheria ya mahali ulipo. Ni njia ndefu na inachosha. Ndiyo maana nasema uliza mapema.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi kabla ya kupandisha kodi. Tuseme unapandisha kwa asilimia 5 na mpangaji mzuri anahama. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, itakuchukua miezi 20 ya kodi mpya kurudisha ule mwezi uliopotea, na hapo hujahesabu rangi, dalali na usumbufu wa kuonesha nyumba kwa watu wasiorudi. Sisemi usipandishe, gharama zinapanda kwa kila mtu. Nasema zungumza naye kwanza, mpe muda, na ujue mwezi mmoja mtupu ni zaidi ya asilimia 8 ya mapato ya mwaka. Akiba yako ya matengenezo pia iweke kando na hela ya kula, kwa sababu paa halichagui mwezi wa kuvuja.

Amana, ile hela ya dhamana anayoweka mpangaji anapoingia, nayo iache ilale. Si hela yako, ni ya kumrudishia siku ya kuondoka, na baadhi ya sheria zinataka ikae mahali maalumu. Ili isizue vita, andika hali ya kila chumba siku ya kuingia na upige picha, hadi ndani ya oveni na nyuma ya milango. Uchakavu wa kawaida ni wako: rangi iliyopauka, bawaba iliyolegea, njia iliyochakaa kwenye zulia. Tundu la ngumi mlangoni ni lake. Katikati kuna mambo yanayohitaji busara. Kama zulia ni la kudumu miaka mitano na limeharibiwa mwishoni mwa mwaka wa nne, haki yako ni moja ya tano ya thamani yake. Ukidai zulia jipya zima, unataka mtu akulipie na ile miaka minne uliyokwisha kuitumia.

Katika kuchagua mpangaji, jambo moja tu nitasisitiza. Usimpigie mwenye nyumba wake wa sasa pekee, maana anayetaka kumtoa mtu kwake atamsifu kama malaika. Mpigie wa kabla yake, asiye na la kupata wala kupoteza. Mwulize alilipaje, na mwulize pia kama alikuwa anatoa taarifa za vitu vilivyoharibika. Kwangu jibu la swali la pili lina uzito sawa na la kwanza.

Ziara za ukaguzi zifanye, mara mbili kwa mwaka zinatosha, kwa taarifa ya angalau saa 24 na kwa kubisha hodi. Nyumba ni yako, lakini kwao ndiko nyumbani. Angalia chini ya masinki, kona za dari, nyuma ya kabati la nguo lililogusa ukuta wa nje. Usitoe maoni kuhusu vitanda visivyotandikwa. Wanaokosolewa usafi wao ndio wanaoanza kuficha ndoo.

Mpangaji aliyezoea kusikilizwa atakuambia pia anapofikiria kuhama, wakati mwingine miezi miwili kabla, na atakuruhusu kuonesha nyumba akiwa bado yumo. Siku ya kuondoka someni mita pamoja, pitieni zile picha za mwanzo, mrudishie amana yake bila kumzungusha. Akishatoka tu, badilisha silinda ya kitasa cha mlango wa nje, hata kama amekukabidhi funguo zote ulizompa, kwa kuwa hakuna anayejua zimechongwa nakala ngapi.