Mtoto mweupe kwa mbwa wazazi wenye mgongo mweusi

Ndugu, hoja kwamba mtoto wa mbwa wako wa German Shepherd ni chotara kwa vile tu ametoka mweupe haina uzito. German Shepherd wawili wenye mgongo mweusi huzaa mweupe, mradi kila mmoja amebeba jeni ya weupe iliyojificha. Hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka mweupe. Mtazame pua na kingo za macho: zikiwa nyeusi, na macho ya kahawia, basi si albino. Rangi nyeusi anayo mwilini, ila haiingii kwenye manyoya. Maonyesho ya Kijerumani humkataa mweupe, ila Uswisi wamewafanya weupe hao aina kamili ya mbwa, iliyotambuliwa kimataifa. Kama ni wa kulinda geti, mfuge. Sabuni ndiyo itakayokusumbua, hasa masika!