Shindano lako la kwanza la bastola: saa isikutie kiwewe

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la bastola gani ya kununua. Kama tayari unamiliki kihalali ya milimita 9 isiyokwamakwama, hiyo inatosha. Ongeza mkanda mgumu, ala inayofunika triga yote, magazini nne (vibebeo vya risasi vinavyoingia kwenye mpini wa bastola) na vifuko vyake, miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Mambo ya nukta nyekundu, kile kioo cha kulengea kinachofungwa juu ya bastola, yatasubiri. Wanaonishinda wala hawanishindi kwa vifaa.

Mimi napiga IPSC, mfumo wa kimataifa wa mashindano ya kupiga shabaha kwa mwendo, uliozaliwa Columbia, Missouri, Marekani, mwaka 1976. Hapa husimami mahali pamoja. Unakimbia, unachungulia pembeni mwa ukuta, unabadilisha magazini huku miguu inakwenda, na mwisho pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mgeni akisikia "sekunde" basi, akili yote inahamia kwenye saa.

Hebu tupige hesabu. Kituo, yaani sehemu moja ya shindano yenye shabaha zake, kina shabaha sita, kila moja risasi mbili. Kwa bastola inayohesabiwa ya nguvu ndogo, eneo A la katikati ya shabaha lina pointi 5, C linalolizunguka 3, na D la pembeni 1. Risasi ikikosa, hupati kitu na unakatwa 10 juu yake. Mpigaji mmoja anatulia: A kumi, C mbili, sekunde 20. Ana pointi 56, sawa na 2.8 kwa sekunde. Mwenzake anafyatua kama anafukuzwa, anamaliza kwa sekunde 13 na watu wanampigia makofi. Shabaha zinasomwa: A nane, C mbili, mbili hazipo. Anabaki na 26, yaani 2.0 kwa sekunde. Kakimbia kote kule kapitwa na aliyetembea.

Kwa hiyo ukiwa mgeni, piga kwa mwendo ambao macho yako yanaweza kuthibitisha kila risasi. Kasi huja yenyewe, na huja zaidi kwenye miguu na kubadilisha magazini kuliko kwenye kidole.

Kuna jambo ambalo halina mjadala: usalama. Mtutu ukigeuka zaidi ya nyuzi 90 kutoka uelekeo wa shabaha, au bastola ikikuponyoka, au risasi ikitoka bila kukusudiwa, siku yako imeisha. Hakuna kubembeleza, hata uwe bingwa. Kidole nacho kikae nje ya kilinzi cha triga unapotembea na unapobadilisha magazini. Mtego mkubwa kwa anayetumia mkono wa kulia ni kubadilisha magazini huku akikimbilia kushoto. Mwili umeshaelekea kushoto, na mkono ukiinamisha bastola kupokea magazini mpya, mtutu unarudi nyuma bila mwenyewe kujua. Nenda kinyumenyume kidogo, au ubadilishe kabla hujaondoka. Zoezi hili lifanye nyumbani bila risasi, na risasi zenyewe ziwe chumba kingine kabisa.

Uwanjani bastola inakaa tupu kwenye ala mpaka mwamuzi akuambie ujaze. Ukitaka kuishika kabla ya hapo, nenda eneo la usalama, na huko usiguse risasi hata moja, hata zile za mazoezi zisizo na baruti. Mwambie mwamuzi kwamba ni mara yako ya kwanza, na uombe usiwe wa kwanza kupiga kikosini. Dakika za kukagua kituo zitumie kuamua utasimama wapi na utabadilisha magazini wapi. Mpango ukishaukubali usiubadilishe saa ikilia, hata kama aliyekutangulia kafanya kitu cha ajabu kikakuvutia.

Wenzako wanapopiga, shika stika uzibe matundu ya risasi kwenye shabaha. Anayejificha kivulini na simu wakati wengine wanaziba hapendwi na mtu, na magazini ikikufia katikati ya siku, hao waliokuwa wakiziba ndio wa kukuazima.