Usiifungue vmlinuz kama zipu

Benchi langu la ufundi lipo Kariakoo, na mteja aliyenipa somo hili alikuja na kompyuta ya ofisini kwake. Walikuwa wamehamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda ya NVMe, aina ya diski ya kasi. Tangu siku hiyo Linux ilianza kupakia, kisha ikagoma: haioni diski. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ilitengenezwa na fundi aliyekwishahama, na hakuacha faili la usanidi. Ikabidi niihoji kerneli yenyewe: una draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya NVMe au huna?

Nilinakili vmlinuz, faili la kerneli iliyobanwa, kutoka /boot (fanyeni hivyo, msichezee ile ya asili), nikaipa gunzip, inayofungua faili zilizobanwa kwa gzip. Ikakataa. Kwa kuwa muundo wa faili hilo huitwa bzImage, nikadhani limebanwa kwa bzip2. Ikakataa pia. Kumbe hiyo "bz" maana yake ni zImage kubwa tu, haihusiani na bzip2 hata kidogo. Aliyechagua jina hilo ana deni na sisi.

vmlinuz ya kompyuta za x86 (za prosesa za Intel na AMD) ni mzigo uliokuja na kisu chake. Mbele kuna programu ndogo isiyobanwa, ambayo kazi yake ni kuifungua kerneli iliyobanwa nyuma yake. Kwa hiyo unatafuta mahali mzigo unapoanzia. Mzigo uliobanwa kwa gzip huanza na baiti 1f 8b 08, xz na fd 37 7a 58 5a, zstd na 28 b5 2f fd. Nilizitafuta kwa grep -abo, nikakata kwa tail -c +namba, nikapata takataka. Saa nzima imepotea, na feni imeshazima kwa sababu umeme umekatika, kabla sijashtuka kwamba grep huhesabu kuanzia 0 na tail kuanzia 1. Ongeza moja. Na baiti hizo zinaweza kujitokeza kwa bahati tu katikati ya programu, hivyo ukifeli mahali pa kwanza, jaribu panapofuata.

Kazi hiyo yote ina skripti yake, extract-vmlinux, katika msimbo wa Linux. Nilitaka kupakua msimbo mzima, bando langu likanionea huruma. Kwenye Ubuntu, ukiwa na kifurushi cha linux-headers, skripti ipo tayari ndani ya /usr/src, kwenye folda ya scripts. Elekeza matokeo kwenye faili, la sivyo yatamwagika kwenye skrini. Ukipata ELF (faili la programu la Linux) kubwa kuliko ulichoanza nacho, umefika. strings na grep "Linux version" zitakuonyesha toleo, na hata jina la mtumiaji na la mashine iliyoitengeneza.

Jirani yake, extract-ikconfig, ndiye aliyeniokoa. Huchota usanidi wote kutoka ndani ya kerneli, ila ni pale tu mtengenezaji alipowasha CONFIG_IKCONFIG. Yule fundi aliwasha, Mungu ambariki. Nikasoma: CONFIG_BLK_DEV_NVME=m.

Herufi m tu. Draiva ilikuwa moduli, yaani faili la pembeni lisilo ndani ya kerneli, na moduli ilikuwa kwenye diski ileile isiyosomeka bila draiva, tena mashine haikuwa na initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa pamoja na kerneli. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Nikatengeneza initramfs yenye moduli hiyo. Jioni bosi akapiga: "Fundi, vipi mashine?" Nikamwambia aje na nauli ya bodaboda, maana ipo tayari.