Bunduki za baba yako zisubiri kadi kwanza

Mwanangu Imani,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza: "Mama, zile bunduki tatu alizoniachia baba kwenye wosia, naweza kuja wikiendi moja nikazipakia kwenye gari na kurudi nazo Chicago? Au nipande nazo ndege?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunakatizana, na hili si jambo la kulisikia nusunusu.

Ni zako, na utazichukua. Ila si wikiendi hii. Usije kabla kadi yako ya FOID, kile kibali cha jimbo lako la Illinois cha kumiliki bunduki, haijafika mkononi.

Unajua nilikokulia Morogoro. Bunduki nilikuwa naiona begani kwa askari wa wanyamapori, basi. Kwetu leseni ya silaha ni ya mtu mwenyewe. Akifa, familia inaipeleka silaha polisi, na anayetaka kuirithi anaanza kuomba upya. Kwa hiyo baba yako alipofariki, wazo langu la kwanza lilikuwa kwenda kuzikabidhi kituoni. Wakili wa mirathi akaniambia hapa Tennessee haiko hivyo. Jimbo hili halina daftari la kusajili bunduki za watu. Zinahesabiwa kwenye mali ya marehemu kama gari na shamba, na mimi msimamizi wa mirathi ndiye ninayezitunza mpaka zimfikie aliyeandikiwa.

Nilimuuliza pia habari ya kuzivusha mpaka, nikijua utauliza. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inakataza mtu kupata bunduki jimbo jingine na kurudi nayo kwao bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa mirathi: uliyoachiwa kwa wosia, au uliyorithi kwa mtu aliyekufa bila wosia, unaruhusiwa kuichukua mwenyewe na kwenda nayo unakoishi, mradi huko una haki ya kuwa nayo. Hapo kwenye "mradi" ndipo penye kazi, mwanangu. Serikali kuu ya Washington imekufungulia mlango, ila Illinois ina mlango wake, na ufunguo wake ni hiyo kadi. Bila FOID huruhusiwi kumiliki bunduki huko, hata risasi peke yake huruhusiwi. Inatolewa na polisi wa jimbo, ada yake dola 10, na inadumu miaka 10. Nilishangaa uliposema hujawahi kuiomba, halafu nikakumbuka kwamba ulihamia huko kwa ajili ya kazi, na bunduki hujaishika tangu ulipokuwa unakwenda na baba yako kuwinda kindi.

Najua utaniambia kuna sheria inayomlinda msafiri. Ipo, ya mwaka 1986. Inasema unaweza kupita na bunduki hata katika jimbo lenye sheria kali, mradi haina risasi, na bunduki wala risasi zisiwe mahali unapoweza kuzifikia ukiwa umekaa garini. Lakini inataka uwe na haki ya kuwa na bunduki hiyo kule unakotoka na kule unakokwenda, kote kuwili. Usipokuwa na kadi, ulinzi huo huna. Kentucky na Indiana utapita salama, halafu utakuwa na kosa ukiwa umebakiza saa moja kufika kwako.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijakuambia, maana siku zile za msiba sikutaka kukuongezea. Wiki ya pili baada ya mazishi nilikuwa natoa nguo za baba yako kabatini ili nizigawe. Shotigani ilikuwa imeegemea nyuma ya makoti. Nikaishika kwa mtutu, nikaiburuta kama mtu anavyoburuta ufagio, nikailaza kitandani. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akiniambia haachi bunduki ikiwa na risasi ndani yake humu nyumbani, nami nilimwamini. Jioni jirani yetu mzee, yule aliyekuwa akiwinda naye, alikuja kuniangalia. Akaiona, akaniomba nisogee, akaielekeza ukutani na kuvuta ule mkono wa chini. Ikatoka risasi moja nyekundu, ikaangukia shuka. Akavuta tena, ya pili. Ya tatu ikabingirika hadi kwenye mto wangu. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Baba yako alikuwa ameugua miezi mingi, na nadhani alisahau. Lakini mtutu ule ulikuwa umenielekea tumboni wakati naiburuta, na mpaka leo nikifungua kabati lile mikono hunitetemeka.

Kwa hiyo nakuomba, na hili nakuomba kama mama: hata mimi nikikuambia haina risasi, hata jirani akikuambia, fungua uangalie kwa macho yako, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zenyewe hutaondoka nazo. Zitabaki hapa, jirani atazichukua.

Siku hiyohiyo tulipima urefu wa mtutu, kwa sababu wakili alinitahadharisha. Kwa sheria iliyoanza mwaka 1934 na kurekebishwa baadaye, shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, au raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, iko kwenye kundi moja na bunduki za rashasha na viziba sauti. Ikiwa ilisajiliwa serikali kuu, mrithi hujaza fomu na kuhamishiwa bila kodi. Ikiwa haikusajiliwa, hakuna namna ya kuihalalisha, na hata kukaa nayo ni kosa. Wazee wa huku walikuwa na tabia ya kukata mitutu kwa msumeno. Jirani aliifunga vizuri, akatumbukiza ufito mdomoni mwa mtutu mpaka ukagota, akaweka alama ya penseli. Nikapima kwa futikamba yangu ya cherehani: inchi 28. Nikashusha pumzi.

Ile bastola ya droo ya kitanda usiihesabu. Hiyo baba yako alininunulia mimi, ni yangu, haimo kwenye wosia. Ulisema ungependa nikupe uende nayo pamoja na nyingine. Siwezi kukupa hivihivi, kwa sababu mimi ni mzima na tunaishi majimbo mawili tofauti. Zawadi siyo urithi. Ingebidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni huko Illinois, akague rekodi zako, usubiri saa 72 ndipo akukabidhi. Tukiamua tutafanya hivyo baadaye, kwa utaratibu wake.

Kuhusu ndege: inaruhusiwa. Bunduki inakaa tupu kwenye sanduku gumu lenye kufuli, unaitaja kaunta, inakwenda na mizigo ya chini. Lakini kuna kisa alichonisimulia wakili. Mwaka 2005 mtu wa Utah alikuwa anasafiri kwenda Pennsylvania na bastola aliyoitangaza kaunta kama inavyotakiwa. Akakosa ndege ya kuunganisha pale Newark, akapewa begi lake, akalala nalo hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena, akakamatwa kwa sheria ya New Jersey na kulala mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, akashtaki na yeye, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikamwambia kwamba begi lilipokuwa mkononi mwake hotelini, sheria ya msafiri haikumlinda. Ndege kutoka Nashville mpaka Chicago inakwenda moja kwa moja, lakini dhoruba haimwulizi mtu. Mimi naona uje na gari.

Ukija, ondoka hapa alfajiri. Kutoka Nashville unashika barabara kuu ya I-65, Louisville, Indianapolis, na jioni uko kwako. Usilale njiani. Nimenunua mabegi matatu magumu, kila moja na kufuli lake, yatakaa kwenye buti. Ungekuwa na gari lisilo na buti la peke yake, yangetosha mabegi hayo yaliyofungwa, ila kisanduku cha dashibodi hakihesabiki hata kikiwa na funguo. Nitakupa pia bahasha: nakala ya wosia, barua ya mahakama inayonitambua kama msimamizi, na karatasi niliyoandika namba za bunduki zote tatu. Askari akikusimamisha akakuuliza, mjibu kwa heshima na ukweli, mikono ikiwa kwenye usukani. Wewe mwenyewe unajua kwa nini nasisitiza hapo.

Binamu yako Juma anataka kukusindikiza ili mpokezane usukani. Ninampenda mtoto wa kaka yangu, na kwa sababu hiyo namkatalia. Yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda kuwa na bunduki, isipokuwa kwa mambo machache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho, lakini Juma bado. Sitaki akutwe nyuma ya usukani wa gari lenye bunduki tatu, hata kama si zake. Kosa la namna hiyo linamaliza masomo na kumpandisha ndege ya kurudi Dar es Salaam. Nitamweleza mwenyewe ili asidhani wewe ndiye uliyemkataa.

Omba kadi wiki hii. Ikifika, nipigie, nipike pilau, ukae Ijumaa na Jumamosi.

Ile raifo ndogo, ya risasi za .22, nimeifuta vumbi na kuipaka mafuta kidogo kama jirani alivyonionyesha. Kwenye kitako, upande wa kushoto, pale shavu la baba yako lilipokuwa likilala, rangi imetoka na mbao imelainika kama mpini wa jembe la zamani. Fundi mmoja alinishauri aipige vanishi iwe kama mpya. Nimemkatalia. Na wewe usiipake.

Mama yako