Petroli ya salfa haiwekwi kwenye mashine ya nyasi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani. Kutoka soketi ya barazani hadi ukuta wa mwisho wa uwanja hapazidi mita 30. Ninunue mashine ya kukatia nyasi ya umeme au ya petroli? Fundi wa mtaani kwetu anasema ya umeme ni dhaifu, nichukue ya petroli, tena nitumie ile petroli yenye oili iliyobaki kwenye kidumu baada ya kijana wangu kupulizia salfa mikorosho, maana hiyo oili italainisha injini. Ni kweli? (Mama mwenye nyumba, Mikindani)

JIBU: Mama, habari ni njema. Kwa uwanja wako chukua ya umeme, na sababu nakuja kuzisema. Lakini kwanza hicho kidumu, kwa sababu kila mvua zikianza huku kwetu na nyasi zikichipua, naletewa mashine zilizonoki kwa ushauri huohuo uliopewa wewe.

Blowa ya salfa, yaani mashine ya kupulizia mikorosho, haina mahali pa kuweka oili peke yake. Oili inapita humohumo pamoja na petroli, ndiyo maana wakulima wanachanganya, nyingine lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, nyingine 1 kwa 50, kadiri kitabu chake kinavyosema. Mashine nyingi za nyasi za kusukuma siyo hivyo. Zina oili yake chini ya injini, kama pikipiki za bodaboda, na kazi ya kulainisha inafanywa na oili hiyo inayorushwa ndani krenki, yaani mhimili wa injini, inapozunguka. Mchanganyiko wa salfa ukiingia kwenye tangi lake hauendi kulainisha krenki hata kidogo. Unaungua juu, unatoa moshi, unaziba plagi na kuacha masizi kwenye valvu.

Hayo yote bado yanatengenezeka. Kinachoua injini ni imani inayokuja na huo mchanganyiko. Mwenye mashine akishaambiwa oili imo kwenye petroli, hafungui tena mfuniko wa oili. Na mashine mpya nyingi huja kwenye boksi bila oili ndani! Mtu anafungua boksi, anajaza petroli ya salfa, anavuta kamba, inawaka vizuri, anafurahi. Baada ya muda mfupi injini inakaza na haizunguki tena. Hapo pistoni imeshakwaruza silinda, na bei ya kuifufua inakaribia bei ya kununua nyingine. Inaniuma, kwa sababu kilichohitajika ni kama nusu lita tu ya oili, SAE 30 kwa joto letu hili.

Kosa la upande wa pili nalo ni baya vilevile. Mashine nyingi za kufyekea zinazobebwa begani zinachanganya kama blowa, sasa mtu anaijaza petroli tupu kwa kuwa ya jirani yake haichanganywi. Hiyo haifiki mbali. Angalia mifuniko: ukiona mmoja wa tangi na mwingine wenye kijiti cha kupimia oili, usichanganye. Ukiona wa tangi peke yake, soma kitabu uone kipimo.

Halafu kidumu chenyewe kimekaa tangu lini? Kupulizia salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kunaisha kiangazi, na nyasi zinakuja na mvua za mwisho wa mwaka. Petroli iliyokaa miezi hiyo yote kwenye joto la pwani inaacha utomvu unaoziba kabureta. Hata petroli safi isiachwe ndani ya mashine inayolala kiangazi kizima.

Sasa uamuzi wako. Huo udhaifu wa mashine ya umeme mara nyingi ni waya mwembamba wa kurefushia. Mashine ya wati 1,600 inavuta kama ampea 7 kwenye umeme wa volti 230. Ukiipa waya wa taa wa mita 30, volti zinapotea njiani, mota inachemka, na lawama zinaangukia umeme wetu. Nunua waya wa milimita za mraba 1.5 usiozidi mita hizo 30, na uukunjue wote kabla ya kuwasha, maana ukiwa umeviringwa unapata moto. Nyasi zikiwa na umande au mvua, acha zikauke. Mawe ya matumbawe yanayochomoza uwanjani huko Mikindani yaokote kwanza, yanavunja kisu cha mashine yoyote. Ungekuwa na eneo kubwa mbali na soketi, kiwanja cha shule kwa mfano, ningekwambia petroli bila kusita.

Na niseme kwa wasomaji wote wa Mtwara na Lindi, kwa sababu hawa mafundi wa njia ya mkato hawaishii kwenye oili. Wapo wanaokaza springi ya kudhibiti mwendo ili mashine "iwe na nguvu", kisu kikazunguka kwa kasi kuliko kilivyoundwa kuhimili. Wapo wanaofunga kwa waya ule wenzo wa kwenye mpini, ambao ukiuachia mashine inazima, eti mkono usichoke. Wenzo huo ndio unaosimamisha kisu ukiteleza au mtoto akikimbilia mbele yako. Mashine yako ikirudi kutoka kwa fundi, iwashe mbele yake, achia wenzo huo, uone kama inazima. Isipozima, usimlipe mpaka afungue huo waya.