Jinsi Ninavyoipima SHA Nyumbani Kwetu

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mwezi wa Oktoba 2024, majirani zangu hapa Lamu hawaishi kuniuliza: ina faida kwa sisi tusio na mshahara? Naamini inayo. Lakini usiipime kwa kuwa jina lako limo. Ipime kwa dawa ulizorudi nazo nyumbani na pesa zilizokutoka mfukoni.

Mama yangu ana sukari. Kila tukitoka kliniki naandika daftarini: nauli ya boti, malipo ya maabara, dawa tulizopewa na dawa tulizoambiwa tukanunue kemisi. Hizo za kemisi ndizo zinazosema kweli. Kuna safari hatukulipa hata shilingi kumwona daktari, ila vidonge havikuwapo, na gharama ikaturudia dukani. Maandishi ya miezi kadhaa na risiti zake ni vitu vya kumwekea MCA, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, mbele yake akija kuomba maoni.

Kuna jambo linaloniuma kwa sababu wengi hawakuelezwa. Kusajiliwa kwa *147# ni bure, na kunatosha kutibiwa zahanati na kituo cha afya. Kulazwa hospitali kubwa ni mfuko mwingine, na huko lazima mchango uwe umelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mvuvi huulizwa maswali ya nyumba na mali, akakadiriwa, kisha akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kusi ikivuma na bahari ikachafuka, nani ana pesa hizo? Wekeni kidogo kidogo kwenye chama cha akiba wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, mlipe mapema, maana ugonjwa hausubiri msimu.

Hakikisheni pia wategemezi wote wanaonekana kwenye akaunti, hasa mtoto mchanga. Na mkiwa na mzee, mjaribu alama za vidole, ambazo mashine hutumia kumtambua, siku ambayo haumwi. Mama amesuka mikeka maisha yake yote, ncha za vidole zimelika, na mashine haikumsoma. Tulijaribu kimoja kimoja mpaka dole gumba la kushoto likakubali. Sasa tukifika dirishani twaanza na hilo, na karani hana haja ya kuturudisha nyuma ya foleni.